Usiuze karabai kwa kilo: namna ya kuwawekea watoto vitu vya kawaida vije kuwa mali

Msimu wa korosho ukishalipa, huku kwetu Mtwara na Lindi hela inapita mikononi wiki chache afu imekwisha, imeenda kwenye bati, kwenye bodaboda, kwenye ngoma ya kumcheza mwali, kidogo kwenye ada. Sasa watu wananiuliza sana hii habari ya kukusanya vitu vya kawaida, yani kanga, redio, sarafu, jezi, tiketi, picha, ili mtoto akija kuwa mtu mzima akute mali, je ni kweli au ni stori tu za kwenye simu. Ni kweli, ila ina masharti, na masharti yenyewe ndo nayaandika hapa mana wengi wanajaza takataka ndani wakidhani wanaweka urithi.

Kwanza tuelewane kuhusu hela. Hii sio mbadala wa shamba hata kidogo. Mkorosho ukiupanda leo, mwaka wa tatu hivi unaanza kukuonesha kitu na ukiutunza unazaa mpaka mtoto wako anapata wajukuu, na kama jembe hulitaki kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ambapo upo hadi mmoja unaitwa kabisa Mfuko wa Watoto. Hela ya maana iende huko. Kwenye vitu iende hela ya soda, ile ambayo ikipotea hulali njaa, mana kitu hakizai, hakitoi gawio, kinakaa tu kabatini miaka ishirini kinakula nafasi, na siku ya kukiuza lazima apatikane mtu anayekitaka. Asipopatikana ndo umebaki na redio mbovu.

Sasa kitu gani kinapanda? Watu wengi wanajibu "cha zamani", hapo ndo wanapopotea. Uzee peke yake hauna bei. Chukua zile sarafu za Afrika Mashariki za mkoloni, zenye tundu katikati, za senti 5 na senti 10. Za mwaka 1936 zina jina la mfalme Edward VIII wa Uingereza, aliyekaa kwenye kiti hata mwaka haukutimia akajiuzulu, na pesa zenye jina lake ni chache duniani. Ukisikia hivyo unakimbia kumsaka mnunuzi si ndio? Lakini zilitengenezwa mamilioni, zikasambaa Kenya, Uganda na Tanganyika yote, na watu wakaziweka kwenye makopo, kwahiyo mpaka leo zimejaa na bei yake ni ndogo tu.

Afu chukua mfano wa upande wa pili, fulana za kampeni. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, 1995, fulana na kofia ziligawiwa bure nchi nzima, na huku kusini ndo usiseme mana mgombea mmoja, Mkapa, alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi. Nani alitunza? Hakuna. Watu walipalilia nazo korosho, zikachanika, zikawa tambara la kudekia, mwisho zikaenda motoni. Leo nioneshe fulana ya 1995 ambayo haijavaliwa, imekunjwa vizuri, na mwenyewe anakumbuka alipewa kwenye mkutano gani. Hiyo ndo naitafuta mimi.

Kipimo changu basi ni hiki: kiwe kilikuwa cha watu wengi, wakakitumia mpaka kikafa, kikabaki kichache kizima, na awepo mtu wa kueleza kilitoka wapi. Kitu ambacho kila mtu anakitunza akisema kitakuja kupanda bei, hicho achana nacho. Marekani miaka ya 1990 watu walivamia vidoli vya Beanie Babies, wengine wananunua maboksi kwa maboksi na vilebo vyake havijaguswa wakisema hii ndo ada ya chuo ya watoto, na kwa kuwa wote walitunza vizuri hivyo hivyo, ilipofika miaka ya 2000 bei ikaporomoka wakabaki na vidoli. Watoto chuo walisomeshwa kwa njia nyingine.

Kanga

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi mi nasema anza na kanga, mana unazijua tayari, huwezi kupigwa kirahisi, na zipo kila nyumba. Kuna makumbusho makubwa nje, British Museum ya London mojawapo, zimehifadhi kanga za Afrika Mashariki, kwahiyo sio kwamba tunajidanganya wenyewe.

Cha kuangalia: iwe doti, yani vipande viwili bado vimeungana, havijakatwa wala kupindwa. Ukishakata umepunguza thamani, ukishafua umepunguza tena. Angalia pembeni kule chini kama kuna maandishi ya mtengenezaji au kiwanda, mfano Urafiki ya Dar ambacho kilianza 1968, au zile za Mombasa zenye K.H.E. Mali ya Abdulla. Wino wa maandishi uwe umekaa, rangi za pindo na za mji, yani ile sehemu ya katikati, hazijachujiana. Kasoro ya kiwandani sio mbaya sikuzote, kuna wanaozipenda zile ambazo jina limekosewa herufi, ila doa la mafuta ya nazi ni doa tu.

Za kutafuta ni za matukio. Kanga za chama, za kumbukumbu ya Mwalimu kufariki 1999, za miaka 50 ya Uhuru 2011, za Obama aliposhinda, za mbio za mwenge, za jubilei ya parokia, za maulidi, za vikundi vya akina mama. Hizi za vikundi vidogo ndo mi nazipenda zaidi mana zilichapwa chache na walionunua walizivaa. Zile za kawaida za maua unazokuta kila duka usinunue kwa ajili ya kuweka, nunua uvae.

Halafu kuna za bibi. Huku kwetu bibi akifariki kanga zake zinagawiwa kwa ndugu, na baada ya hapo hakuna anayejua ipi ilitoka wapi, moja iko Newala, nyingine iko Mbagala imekuwa nepi. Kwahiyo nenda akiwa mzima. Usimwendee na habari za kuuza, atakuona umeanza kumhesabia siku. Kaa naye, "bibi hii nayo ulipewa na nani?" na uwe na kalamu. Nilimuona bibi mmoja pale Mikindani anaitoa doti kwenye sanduku la bati, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe, akaifungua magotini akapitisha kidole kwenye maandishi bila kuyasoma, mana hajui kusoma, akayataja yote kama yalivyo, afu akataja na aliyempa, na mwaka akautaja kwa njaa iliyokuwepo. Maelezo ya namna hiyo ndo nusu ya bei ya kitu, na yanaondoka na mtu.

Kwa muuza chuma chakavu

Vitu vingi vizuri vya huku vinafia kwenye mizani ya chuma chakavu. Karabai, chemli, jiko la kupampu, pasi ya mkaa, feni za meza za chuma, redio za mbao, cherehani, kengele za baiskeli, mizani ya duka ya mawe, sahani na mabakuli ya bati yenye maua. Wavuvi wa dagaa kuanzia Mikindani mpaka Kilwa walikuwa wanavulia karabai usiku, siku hizi wanatumia taa za betri na sola, kwahiyo karabai zinatoka mabandani zinaenda kuuzwa kwa uzito wa shaba. Jenga urafiki na kijana mwenye mizani. Mi ninaye mmoja, akipata kitu ananipigia, tunaongea hivi:

"Shikamoo shangazi. Kuna karabai imeletwa hapa, tangi lake shaba tupu, njoo kabla sijaponda."

"Marahaba mwanangu, ina glasi?"

"Glasi hakuna, ila jina linasomeka."

"Usiponde, nakuja. Nakupa ya kilo na buku mbili juu."

Hiyo buku mbili ya juu ndo inamfanya asiponde. Na ukifika usisahau kuuliza ameileta nani, mara nyingi aliyeileta bado yupo hapo hapo anasubiri hela, kamuulize imetoka kwenye mtumbwi wa nani, bandari gani, mpaka mwaka gani ilikuwa inawaka. Andika pale pale.

Kwa cherehani na mashine zenye namba, namba ndo cheti cha kuzaliwa. Singer zina namba ya usajili kwenye bati lake na kwa namba hiyo unaweza kujua ilitengenezwa mwaka gani na kiwanda gani. Na hapo hapo nikuonye, kuna uvumi wa zebaki nyekundu ndani ya cherehani kuukuu. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu walikurupuka kununua Singer za zamani kwa bei za kichaa kwa sababu ya uvumi huo huo. Hakuna zebaki humo, kuna oili na vumbi.

Wa Nachingwea nyie mna bahati yenu. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951 uliacha vitu vingi huko, ndo ulioleta bandari ya Mtwara na ile reli ya kwenda Nachingwea ambayo mapema miaka ya 1960 ilishafungwa na kung'olewa. Shirika lililokuwa linauendesha liliitwa Overseas Food Corporation, kwahiyo ukikuta boksi la vifaa, spana, kiti, karatasi ya mshahara au picha ya babu na trekta yenye jina hilo, usipeleke kwenye mizani kabisa. Nachingwea hiyo hiyo ndo ilikuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, waliokuwa wanapigania uhuru wa Msumbiji, na picha, beji na barua za wakati ule zikiwa na maelezo ni kitu kikubwa, hata wanahistoria wanazitafuta.

Vitu vya leo vya kuanza kuweka leo

Hapa ndo pa bei rahisi mana unanunua kitu kabla hakijawa cha zamani.

Mpira. Ndanda FC ilipanda ligi kuu msimu wa 2014/15 ikakaa mpaka 2020 ikashuka, jezi zake za miaka ile zimechakaa kwenye viwanja vya mtaani. Namungo ya Ruangwa iliingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, timu ya wilayani kwetu inacheza na Raja Casablanca na Pyramids. Jezi halisi ya msimu ule, tiketi, kipande cha ratiba, weka. AFCON ya 2027 tunaandaa sisi na Kenya na Uganda, kwahiyo anza kufikiria tiketi na jezi zenye jina la mashindano, ila kumbuka kile kipimo, jezi za Taifa Stars watatunza wengi, vile vidogo vidogo kama kitambulisho cha muuza maji uwanjani ndo hatatunza mtu.

Noti. Benki Kuu iliondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na ile noti ya mia tano ya toleo la 2010, na kubadilisha ilikuwa mwisho 5 Aprili 2025. Huku vijijini nina uhakika zipo noti nyingi zimebaki chini ya magodoro. Dukani hazinunui kitu tena, thamani yake imebaki kwa wakusanyaji tu, na mkusanyaji anataka noti isiyo na mkunjo. Ile jero ya karatasi ilichoka haraka sana mikononi, kwahiyo ukiwa nayo mpya kabisa itunze. Iliyochakaa mpe mtoto achezee.

Makaratasi ya simu na ya safari. Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010, Tigo juzi tu 2024 imekuwa Yas. Vocha za kukwangua, laini zenye kadi yake nzima, mabango ya bati ya dukani, miavuli. Bango la bati la Celtel unaliona limezibia banda la kuku na mwenye kuku hajui. Tiketi za basi za kuandika kwa mkono za Mtwara–Dar, hasa za kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, wakati tunavuka Rufiji kwa kivuko na mvua ikinyesha unalala njiani, na picha za mabasi yaliyokwama kwenye tope. Risiti za mashine za siku hizi zinafutika zenyewe baada ya muda, hizo piga kopi.

Stempu sitakaa sana. Za kawaida zilizotumika hazina bei, mtoto akipenda akusanye kwa kujifunza. Bahasha nzima yenye stempu na muhuri wa posta unaosomeka wa Kilwa Masoko au Newala ni bora kuliko stempu iliyobanduliwa, kwahiyo usibandue.

Vinyago na picha za kuchora najua utaniuliza. Sio kitu cha kawaida sana lakini huku kinauzwa kama cha kawaida. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru hapo jirani, alichora kwenye vipande vya hardibodi kwa rangi za baiskeli akawa anauza nje ya duka pale Oysterbay kwa bei chee, akafariki 1972, na leo picha zake mwenyewe zinauzwa maelfu ya dola. George Lilanga, Mmakonde, aliyefariki 2005, naye hivyo hivyo. Lakini waliopata ni walionunua kazi yenye sahihi na wakaweza kuthibitisha. Kwahiyo ukinunua kinyago nunua kwa mchongaji mwenyewe, aandike jina chini, piga naye picha ameshika kazi yake. Mpingo ni mzito, ukiutumbukiza kwenye maji unazama, na ukiangalia chini ya kinyago mara nyingi utaona ile nyama nyeupe-njano ya mti. Chepesi na cheusi tii kila mahali, kinanuka kiwi ya viatu, hicho sio mpingo.

Daftari

Nunua kaunta buku ngumu. Kila kitu ukurasa wake: ni nini, umekipata lini, kwa nani, kwa shilingi ngapi, kina kasoro gani, na maelezo ya mwenyewe kwa maneno yake yeye, sio uyapambe. Andika kwa penseli au kalamu ya bolpeni nzuri. Kitu chenyewe usikiandike kwa maka peni hata siku moja, kifungie kikaratasi kwa uzi chenye namba ya ukurasa. Piga picha mbele, nyuma na kwenye alama, zihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako pia mana simu zinaibiwa. Kitu bila ukurasa wake, ukifa wewe, mtoto anakiita "vile vyuma vya mama" na kinarudi kwa yule kijana wa mizani.

Kutunza kwa hali ya hewa ya huku

Hapa ndo wengi wanaharibu. Pwani yetu ina chumvi kwenye upepo, ina joto, na kuanzia Novemba au Desemba mpaka Mei ni mvua, afu kuna mchwa.

Usisafishe sarafu. Narudia, usisugue kwa ndimu, wala mchanga, wala majivu, wala stili waya. Sarafu iliyong'arishwa mkusanyaji anaijua kwa jicho moja na anashusha bei au anaiacha. Ile rangi ya kahawia ndo umri wake. Vumbi toa kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Na usipeleke noti au cheti au picha ya zamani kwenye laminesheni! Naona watu wanafanya hivi steshenari kila siku kwa nia njema. Lile plastiki limeshikana na karatasi kwa moto, halitoki tena. Na selotepu pia hapana, gundi yake inageuka njano na inakula karatasi. Weka kwenye bahasha ya karatasi safi, au vile vifuko vya plastiki ngumu visivyonuka, mana plastiki laini inayonuka kama kapeti jipya inatoa mafuta na kuharibu noti na sarafu. Magazeti hayana maisha, karatasi yake inajiunguza yenyewe, yaweke gizani yamelala bila kukunjwa mara nyingi.

Kanga usizikunje mpaka mikunjo ikawa mistari. Muombe muuza vitambaa lile bomba la boksi linalobaki jora likiisha, livike kitambaa cha marekani kilichofuliwa kikasuuzwa vizuri, viringisha kanga juu yake, afu vika marekani nyingine. Kanga mpya ina wanga na wadudu wanaupenda, kwahiyo weka kafuri au majani makavu ya mwarobaini ndani ya kifuko, yasiguse kitambaa. Julai na Agosti, kipupwe kikikausha hewa, toa kila kitu kivulini kipate upepo, kagua, rudisha. Sio juani, jua linakula rangi.

Redio, simu, tochi, toa betri zote kabla hujaweka. Betri iliyosahauliwa inatoa maji na maji yale yanakula shaba mpaka ndani. Karabai mwaga mafuta yote na kausha, maana ukiacha mafuta ya taa ndani yanaganda na kitu kinanuka nyumba nzima.

Sanduku lisikae chini wala kugusa ukuta. Liinue kwa matofali au kwenye meza ambayo miguu yake umeisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu, mchwa hawavuki. Na liwe juu zaidi kama unaishi bondeni. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara yetu ya Lindi–Dar na maji yaliingia majumbani kwa watu, karatasi ikilowa siku moja tu huna kitu. Vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usitupe, viweke humo.

Vya kutogusa

Usichanganye kukusanya na kuvunja sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940. Kwahiyo zile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa ambazo watoto wanaziokota Kilwa Kisiwani mvua ikishanyesha, vigae vya Songo Mnara, mlango wa nyumba ya babu Mikindani, sio vya kumpa dalali wala kusafirisha bila kibali. Mlango wa babu ubaki kwenye nyumba ya babu, utunzeni hapo. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, Lindi, pia, mnajua wenyewe yule mjusi yuko Berlin tangu kuchimbwa kwa 1909 mpaka 1913, sio kwamba na wewe ukiokota kipande ukiweke kabatini. Bangili ya pembe ya ndovu, magamba ya kasa, hata kama ni vya ukoo, usijaribu kuviuza.

Mapiko nayo yana wenyewe. Kinyago cha kuchezea jandoni kama wazee hawajakupa ruhusa usikinunue kwa kijana anayekuletea usiku.

Na rupia. Ee Mungu, rupia za Mjerumani zimewamaliza watu wa kusini. Ukweli wake ni huu: Wajerumani walitengeneza hela na rupia za kweli, hela moja za shaba zipo nyingi na bei yake ni ya kawaida. Iliyo ghali kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora 1916 wakati wa vita, ndo maana feki zake nazo zimejaa. Sasa mtu akikwambia rupia yake inavuta mchele, inazima tochi, ina madini ndani, kuna mzungu yuko hotelini anangoja na wewe utoe kwanza laki tano ya kipimo, huyo ni tapeli, hata kama mmesoma wote. Mnunuzi wa kweli anauliza mwaka, herufi ya kiwanda na hali ya sarafu, hapeleki punje ya mchele karibu nayo.

Mtoto mwenyewe na habari ya mirathi

Hapa nitasema ukweli ambao wengine wanaukwepa. Huku Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo wa mama una nguvu na mjomba ana sauti, na wengi wetu ni Waislamu ambapo mirathi ina mafungu yake. Ukijaza kabati afu ukafariki kimya, vile vitu vitagawiwa kabla arobaini haijaisha, na sio kwa ubaya, ni kwa sababu hakuna aliyejua vilikuwa vya nani. Kama ni Muislamu jua kwamba wasia hauendi kwa mrithi, kwahiyo njia nyepesi ni hiba, mpe mtoto ungali hai na umkabidhi kweli, mbele ya mashahidi, mjomba wake awe mmojawapo, na kwenye daftari andika "mali ya fulani" na sahihi zao. Kama una watoto wengi wape kwa usawa, ulizeni masheikh wenu hapo. Asiye Muislamu aandike wosia, RITA, ile ofisi ya serikali ya usajili na udhamini, wanasaidia kuuandika na wanauhifadhi pia.

Na mtoto umshirikishe mapema. Mpe kazi ya kupiga picha na kuandika kurasa, akifika darasa la nne anaweza. Mwache achague kitu kimoja kimoja mwenyewe hata kama wewe unakiona cha kijinga, mana yeye ndo anajua wenzake wanatupa nini. Mtoto aliyeandika ukurasa kwa mkono wake hauzi kwa dalali wa kwanza anayepiga hodi.

Siku ya kuuza ikifika, msiuze vyote kwa mpigo kwa mtu mmoja anayesema "nabeba zote", huyo anataka vitatu vizuri na vingine anavifanya kisingizio cha kushusha bei. Uzeni kimoja kimoja, ulizeni bei kwa watu zaidi ya mmoja, muangalie mnada wa nje kitu kama hicho kimeuzwa shilingi ngapi kweli, sio bei aliyoandika muuzaji bali iliyolipwa. Picha ya kumtumia mnunuzi isioneshe sebule wala jina la mtaa wenu. Doti isitenganishwe, karabai iuzwe na glasi yake kama ipo, na anayenunua apewe kopi ya ukurasa, daftari lenyewe libaki kwa ajili ya vitu vilivyobaki.